Mambo ya Jikoni: Embe la Kukunjwa kama Mkeka

Mwezi wa Januari unapofika, maembe ya Makueni na Machakos huiva kwa pamoja, kana kwamba yamepatana siku. Kila mkulima alijua jambo hili, na mnunuzi ajaye na lori lake alijua zaidi. Yeye hana haraka. Husimama chini ya mti, huyatazama matunda yaliyoanza kulainika, kisha hutaja bei yake. Na mwenye shamba, hata akikasirika, ajua ya kuwa asipouza leo, kesho kutwa atakuwa na matunda yasiyobebeka. Yale yasiyouzwa huliwa na watoto mpaka wakinai, hupewa mbuzi na ng'ombe mpaka nao wakinai, na mengine huoza pale pale yalipoanguka. Tena kuoza huko si hasara ya siku moja. Nzi wa matunda wa kutoka Asia, ambaye alitambuliwa nchini Kenya mwaka 2003, hutaga mayai yake ndani ya tunda, na funza walioachwa katika maembe yaliyooza ndio watakaokuwa nzi wa kuyaharibu maembe mengine.

Huko Kalamba, katika Makueni, kilianzishwa mwaka 2017 kiwanda cha kusaga maembe na kuyafanya rojo. Ni kazi njema. Lakini kiwanda hakifiki katika kila ua, wala hakimwondolei mama wa nyumbani zile ndoo mbili za maembe zilizobaki jioni ya Jumamosi. Kwa ndoo hizo mbili iko njia nyingine, ya zamani sana, isiyohitaji mashine: embe hupondwa, hutandazwa mfano wa chapati nyembamba, na kukaushwa mpaka liweze kukunjwa kama mkeka. Chakula hiki chaitwa kwa majina mengi katika nchi nyingi. Katika habari hii kitaitwa utando.

Wahindi wameujua utando wa embe tangu zamani. Katika kijiji cha Atreyapuram, jimbo la Andhra Pradesh, rojo la embe humwagwa juu ya mikeka na kuachwa juani, na kila safu ikikauka humwagwa nyingine juu yake, siku baada ya siku, mpaka utando uwe mnene wa kukatwa kwa kisu. Washami, yaani watu wa Damascus na nchi iliyo kandokando yake, hutumia aprikoti, tunda dogo la manjano lipendalo nchi za baridi, nao huuita utando wao kamaruddini. Katika mwezi wa Ramadhani huurowesha kwa maji, wakafuturu kwa kinywaji chake, au wakaupika pudini. Watu wa Georgia hutengeneza wa plamu kali na kuutia hata katika mchuzi wa nyama. Mpishi wa hapa aweza kucheka, mpaka akumbuke kwamba ukwaju nao hutiwa katika mchuzi.

Yuko shahidi mmoja wa kale wa mambo haya. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba huko Mogadishu aliandaliwa wali pamoja na achari, na miongoni mwa achari hizo zilikuwamo za maembe mabichi. Baadaye, alipofika Antalya katika nchi ambayo sasa ni Uturuki, alizisifu aprikoti zilizoitwa kamaruddini, ambazo zilikaushwa na kupelekwa Misri. Basi mtu mmoja aliona kwa macho yake namna mbili za kulizuia tunda lisipotee. Achari ingali katika meza za pwani hadi leo. Utando nao hauhitaji kitu ambacho pwani na bara hazina.

Sababu ya tunda kudumu ni moja tu, nayo ni kuondolewa maji. Katika kila gramu 1,000 za nyama ya embe, kadiri ya gramu 830 ni maji matupu. Yakiondolewa mpaka ibaki sehemu ndogo tu, kilo ile moja huwa utando wa gramu 200 hivi, na vijidudu vya kuozesha havipati unyevu wa kuishi. Mpishi akilielewa hili, mengine yote ni usafi na subira.

Maembe yafaayo ni yale yaliyoiva kabisa lakini hayajaanza kuchacha. Ngowe ni zuri mno kwa sababu halina nyuzi nyingi. Maembe ya kienyeji yenye nyuzi pia hufaa, na ladha yake mara nyingine hushinda, ila hapana budi yachujwe. Hapo ndipo vyombo vya zamani vinaporudishiwa heshima yake. Kifumbu cha kuchujia tui, ambacho nyumba nyingi zimekitupa tangu vichujio vya plastiki vilipoingia madukani, hukamua rojo la embe na kuziacha nyuzi zote ndani, wala hakivunjiki mkononi. Kawa iliyosukwa kwa ukindu hufunika sinia, ikazuia nzi na kuruhusu hewa. Sinia pana ya harusi, ikaayo mwaka mzima ukutani ikingoja wageni, ndiyo kitanda cha utando. Bibi kizee mwenye vyombo hivi vitatu ana karakana kamili, na aliyeviuza kwa wanunuzi wa vikuukuu atajuta.

Rojo litiwe katika sufuria na kuchemshwa kwa moto mdogo, likikorogwa kwa mwiko, mpaka litokote. Hii hupunguza vijidudu kabla ya kuanikwa. Kwa kila nusu lita zitiwe vijiko 2 vya chai vya maji ya ndimu, ili rangi isiwe nyeusi. Sukari si lazima. Atakaye utamu zaidi atie asali kidogo, kwa kuwa sukari hugeuka chembechembe utando unapowekwa. Lakini utando wenye asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, maana asali yaweza kumdhuru mtoto wa umri huo. Rojo likipoa, nusu lita yatosha sinia yenye upana wa sentimita 40, iliyotandikwa karatasi safi ya plastiki ya kufungia chakula. Litandazwe unene wa milimita 3 au 4, na kingo ziwe nene kidogo kuliko katikati, kwa sababu kingo hutangulia kukauka.

Sinia iwekwe juu ya meza au uchaga, mbali na vumbi la njia na kuku, juani tangu asubuhi. Kabla ya magharibi iingizwe ndani, maana umande wa usiku hurudisha yote yaliyotolewa mchana. Huko Ukambani, mvua za vuli zikiisha na jua la Januari na Februari likiwaka, siku mbili mara nyingi hutosha. Pwani hewa ina unyevu mwingi, na huenda ikahitajika siku ya tatu. Mwenye jiko la oveni aweza kulikausha kwa joto la digrii 60 za sentigredi, kwa muda wa saa 6 hadi 8, mlango ukiachwa wazi kidogo ili mvuke utoke.

Mambo mawili hukosewa mara kwa mara, nayo ni ya hatari. La kwanza ni kufunika chakula kwa chandarua cha kitandani. Vyandarua vingi vinavyogawanywa siku hizi vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo si ya kuliwa. Itumike kawa, au kitambaa chepesi kilichofuliwa. La pili ni kuanika rojo moja kwa moja juu ya mabati ya kuezekea. Mabati yamepakwa zinki, na ukali wa tunda huiyeyusha ikaingia katika chakula. Jua la juu ya paa ni zuri kweli, lakini kati ya bati na embe lazima kuwe na sinia.

Utando ulio tayari hauachi alama ukibonyezwa katikati kwa kidole, wala haunati, nao hubanduka wote kwa pamoja. Ukunjwe na karatasi yake, utiwe katika mkebe au chupa yenye kifuniko cha kukaza. Katika nyumba yenye joto usitegemewe kwa zaidi ya mwezi mmoja. Katika friji hudumu zaidi, na ukigandishwa waweza kufika msimu mwingine. Ukiota ukungu, hata mahali padogo, utupwe wote. Kukwangua ukungu na kula kilichobaki ni ubahili wa kupotea.

Pudini ya utando huu ndiyo inayoleta furaha nyumbani, kwa kuwa huliwa wakati ambao mti umebaki majani matupu. Sinia moja hutoa utando wa gramu 100 hivi. Ukatwe vipande vidogo, umwagiwe nusu lita ya maji ya moto, ufunikwe na kuachwa usiku kucha. Asubuhi upondwe na kupitishwa katika kifumbu. Vijiko 4 vikubwa vya wanga wa mahindi, ule mweupe mlaini wa kupikia kastadi, vikorogwe kwanza na maji baridi kidogo, maana ukitiwa mkavu katika kitu cha moto utafanya madonge ambayo hayaondoki kwa kusihi wala kwa kupiga. Yote yawekwe juu ya moto mdogo na kukorogwa bila kuacha. Pudini ikianza kutoa mapovu, ikorogwe dakika 2 zaidi. Itiwe iliki iliyopondwa na chumvi chembe chache, kisha ionjwe. Sukari itiwe baada ya kuonja, si kabla, kwa sababu utando umekwisha kukusanya sukari yote ya embe mahali pamoja. Imiminwe katika vikombe 6 vidogo vilivyochovywa katika maji, ili itoke vizuri itakapopinduliwa. Washami huipamba kwa lozi na pistachio. Korosho za Kilifi zilizokaangwa na kuvunjwavunjwa hazipungukiwi na cho chote mbele ya hizo, na tui zito la nazi juu yake hupita yote.

Asiyependa kupika aweza kuutandaza utando mzima, kuupaka nazi iliyokunwa na kukaangwa kavu pamoja na iliki, kuukunja kwa kukaza, na kuukata vipande vya duara. Wageni wa chai ya saa kumi hawaulizi bei yake. Huuliza umenunuliwa duka gani.

Wako wasemao kwamba utando ni sawa na tunda lenyewe, na hivyo watoto waachiwe wale watakavyo. Sivyo. Sehemu kubwa ya vitamini C hupotea kwa moto na jua, na utamu wake hunata katika meno kuliko wa embe bichi. Kipande cha kiasi cha kiganja cha mtoto chatosha, na maji ya kusukutua yafuate. Wakati maembe yako mtini, yaliwe maembe.

Kingo zilizokauka kupita kiasi, zile ngumu zisizokunjika, zisitupwe. Zikatwe kwa mkasi vipande vidogo kama punje za mchele, zitiwe katika uji wa wimbi unapokaribia kuiva. Hulainika zenyewe, na uji huo hauhitaji sukari.