Wahesabuni Wapigaji Kabla ya Kuhesabu Matundu

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani parokiani. Vijana wa kwaya walikuwa wamechangishana kwa miezi kadhaa, wakanunua miksa ndogo yenye waya wa USB na maiki nne, kisha wakaazima kompyuta mpakato ya mwalimu mmoja. Studio yenyewe ilikuwa chumba cha mpiga kinanda wetu, nyumbani kwa wazazi wake. Kitanda tulikitoa nje, magodoro tukayasimamisha ukutani ili kupunguza mwangwi. Kwa kuwa wanajua kwamba huku seminarini ndimi ninayeshughulika na vipaza sauti vya kanisani, wakanikabidhi kazi: “Frateri, wewe ndiye fundi wetu.”

Miksa ilikuwa na matundu manane, nasi tuliyajaza yote. Kinanda kilichukua mawili, kushoto na kulia. Gitaa la besi moja, gitaa la solo moja. Maiki mbili kwa waimbaji, moja kwa ngoma, moja kwa kayamba. Tukarekodi wimbo wa matoleo kuanzia mwanzo hadi mwisho, tukafurahi. Tulipousikiliza, ngoma ilikuwa imewafunika waimbaji. Nikafungua kompyuta ili niipunguze ngoma peke yake, nikakuta hakuna ngoma peke yake. Vyombo vyote na sauti zote vilikuwa vimeingia katika mstari mmoja, kama mchele na maharage yaliyokwisha kupikwa pamoja.

Tulirudia mara tatu. Jua likawa linazama, watu wamechoka. Ndipo niliposema maneno ambayo bado yananisumbua: “Ngoma na kayamba tuviache. Kinanda kina biti zake.”

Mzee wetu mpiga ngoma, ambaye alikuwa akipiga kabla mimi sijapokea Komunyo ya kwanza, hakubisha. Alifunika ngoma yake kwa kitenge, akasema, “Haya, Frateri, ninyi fanyeni kazi,” akaenda kukaa nje kwenye benchi. Mama mwenye kayamba akamfuata. Sisi tukaendelea kurekodi.

Hoja yangu leo ni kwamba suala la kuunganisha vyombo vingi kwenye kompyuta, ambalo wengi wetu tunaliona kuwa la mafundi na vijana wa mjini, ni suala la nani anasikika katika kwaya na nani anaachwa nje. Kwa hiyo wanaoanzisha studio ndogo parokiani wasianze na duka la vifaa. Waanze na orodha ya wapigaji.

Kwanza tuelewe kilichotupata. Miksa, kama jina lake lilivyo, kazi yake ni kuchanganya. Miksa nyingi za bei nafuu zenye USB hupokea vyombo vinane, lakini kwenye kompyuta hupeleka njia mbili tu, ya kushoto na ya kulia, zikiwa zimekwisha kuchanganywa. Idadi ya matundu mbele ya mashine si idadi ya njia zinazofika kwenye kompyuta. Hili ndilo swali la kumuuliza muuzaji kabla ya kutoa fedha: “Kompyuta itapata njia ngapi kwa wakati mmoja, kila moja peke yake?” Kifaa kilichotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo ni saundikadi ya nje, ambayo hupokea kila chombo na kukipeleka kwenye mstari wake. Zipo za njia mbili, nne, nane, na zaidi. Kadiri njia zinavyoongezeka ndivyo bei inavyopanda.

Sasa hapa ndipo ukweli wetu wa parokia unapotubana. Orodha yetu ilihitaji njia nane, na fedha yetu haikufika huko. Kijana mmoja akapendekeza tununue saundikadi mbili ndogo, tuzichomeke zote mbili. Inaonekana ni akili, lakini kila saundikadi ina saa yake ya ndani inayopima sauti, kwa kawaida mara 44,100 kwa sekunde, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawa kabisa. Baada ya dakika kadhaa chombo cha huku huanza kuachana na cha kule. Tena programu nyingi za kurekodi kwenye Windows hutumia saundikadi moja tu kwa wakati mmoja. Ili vyombo vikae pamoja, vinahitaji kufuata saa moja.

Je, basi maskini hana njia ila kumwacha mpiga ngoma nje? Mimi nilidhani hivyo jioni ile. Nilikosea, na kosa langu halikuwa ukosefu wa fedha, lilikuwa haraka. Saundikadi ya njia mbili inatosha kurekodi kwaya nzima, mradi tukubali kurekodi kwa tabaka: wawili leo, wengine kesho, kila mmoja akisikiliza waliotangulia. Programu kama Audacity, ambayo haiuzwi, inaweza kazi hiyo.

Tulipojaribu tena wiki iliyofuata, kwa saundikadi ya kuazima, tulipanga hivi. Zamu ya kwanza, ngoma na kinanda wakiwa chumba kimoja wanatazamana, maiki moja kwa ngoma na waya mmoja kutoka kinanda, mwalimu wa kwaya akiwaongoza kwa mkono. Zamu ya pili, waimbaji mbele ya maiki mbili. Hatukuwa na hedifoni za watu ishirini, basi mwalimu alivaa moja, na spika ndogo ikawekwa nyuma ya maiki, sauti ikiwa chini, kwa kuwa maiki za kawaida za kuimbia hazisikii vizuri upande wa nyuma. Zamu ya tatu, magitaa mawili. Zamu ya nne, kayamba.

Katika kufanya hivyo tulijifunza mambo madogo ambayo yatamsaidia anayeanza. Gitaa lisichomekwe kwenye tundu lolote tu, lichomekwe kwenye lile lililoandikwa “INST” au “Hi-Z”, vinginevyo sauti yake itakuwa hafifu na nzito bila uhai. Maiki za kondensa huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundikadi, zile za kawaida za kuimbia hazihitaji. Mvumo wa “mmmm” usiokwisha ukisikika, jaribuni kuchomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, na kamwe msikate mguu wa tatu wa plagi, ule ni usalama wa mtu. Mpigaji akilalamika kwamba anajisikia kwa kuchelewa, sababu ni kwamba kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuirudisha. Fungu la vipimo 1,024 ni karibu milisekunde 23, na la 128 ni karibu 3. Punguzeni fungu wakati wa kurekodi, au tumieni kitufe cha saundikadi kinachomruhusu mpigaji ajisikie moja kwa moja bila kupitia kompyuta.

Kuna pia njia ya MIDI, iliyotoka mwaka 1983. Kinanda kikiunganishwa kwa njia hiyo hakipeleki sauti, hupeleka taarifa tu: noti gani imebonyezwa, kwa nguvu gani, imeachiwa lini. Sauti yenyewe hutengenezwa ndani ya kompyuta. Faida yake ni kwamba hakili tundu hata moja la saundikadi, na noti iliyokosewa hurekebishwa baadaye. Lakini ni njia hiyohiyo inayomwezesha kijana mmoja kupiga “ngoma,” “besi,” na “filimbi” zote kwa vidole vyake, wenzake wakiwa nje kwenye benchi.

Sisi tunaosoma falsafa tumefundishwa na Mtakatifu Tomaso wa Akwino kutofautisha mtendaji mkuu na chombo. Mfano wake ni shoka. Shoka hukata kwa makali yake lenyewe, lakini kitanda hakitokani na shoka, hutokana na ufundi wa seremala aliyelishika. Nimeutafakari mfano huo nikiikumbuka jioni ile. Miksa ilikuwa na makali yake: kuchanganya sauti. Hilo si dhambi ya miksa. Tatizo lilianza pale nilipoiruhusu iamue kitanda kiweje. Sikuuliza kwaya yetu ni nani, nikauliza mashine inaweza nini, kisha nikaikata kwaya ili ienee kwenye mashine. Katika namna hiyo chombo kilishika nafasi ya seremala.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kudharau. Prodyuza mmoja aliniambia kwamba biti za kompyuta hazikimbii wala hazilegei, na waumini wamezoea kusikia redioni sauti safi. Ni kweli. Mpiga ngoma wetu huongeza kasi kidogo kila kiitikio kinaporudi. Lakini dawa ya mpigaji anayekimbia ni mazoezi, pamoja na mdundo wa kuhesabia masikioni mwake. Mwimbaji anayetoka nje ya noti hatumfukuzi, tunamrudisha kwenye noti. Kwa nini mpiga ngoma apewe hukumu nzito zaidi?

Wengine husema: “Hii ni rekodi tu, si liturujia.” Nami nakubali kwamba ni vitu viwili. Kanisa lilitofautisha mapema: maagizo juu ya muziki mtakatifu ya mwaka 1958 yalikataza mashine za kucheza muziki kushika nafasi ya uimbaji wa kwaya au waamini katika ibada. Hata hivyo, rekodi haikai kwenye simu tu. Kwaya za vigango hujifunza wimbo kwa kuisikiliza. Wakisikia wimbo usio na ngoma, wataupiga bila ngoma, na baada ya miaka michache mpiga ngoma atakuwa hana wimbo wa kupiga. Kisha siku moja atakuja kijana na simu yenye biti, aichomeke kwenye spika za kanisa, na sisi tutashangaa imetoka wapi. Imetoka kwenye chumba chenye magodoro ukutani, jioni ambayo watu walichoka.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Sacrosanctum Concilium ya mwaka 1963, namba 119, uliagiza kwamba mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yapewe heshima na nafasi yanayostahili. Miaka mitano kabla ya hati hiyo, huko Kamina, Katanga, Misa iitwayo Missa Luba ilikuwa imekwisha kuimbwa na kwaya ya wavulana na walimu wao chini ya Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, pamoja na ngoma. Rekodi yake ilisikika sehemu nyingi za dunia. Mitambo ya wakati ule haikuwa na hata robo ya uwezo wa kompyuta ya mwalimu wetu, na bado ngoma zilipata nafasi, kwa sababu watu waliona ni sehemu ya Misa ile. Sisi tuna njia nyingi zaidi za kurekodi. Tusiwe na nafasi chache zaidi za watu.

Rekodi yetu ya pili si ya ajabu. Kayamba inatangulia kidogo kwenye ubeti wa tatu, na mbwa wa jirani anasikika kwa mbali mwishoni. Mpiga kinanda alitaka tuikate ile kayamba na kuisogeza kwenye mdundo, jambo ambalo sasa linawezekana kwa kuwa iko kwenye mstari wake. Tulijadiliana, tukaisogeza sehemu moja, nyingine tukaiacha. Mzee alipoletewa simu asikilize, aliisogeza sikioni, akasikiliza hadi mwisho, akauliza tu kama tunaweza kuurudia wimbo kwa sababu mahali pa kiitikio aliharakisha. Nilimwomba radhi kwa ile siku ya kwanza. Akasema alijua nitarudi kumwita, maana kinanda hakijui kusindikiza maandamano ya matoleo. Sina hakika kama alinisamehe au alinitania, lakini alikuja.

Kwa hiyo, ndugu viongozi wa kwaya, na ninyi mafrateri wenzangu mtakaotumwa parokiani wakati wa likizo: kabla ya kutangaza mchango wa vifaa, kaeni na karatasi. Andikeni majina ya wote wanaopiga na sehemu za waimbaji. Mbele ya kila mmoja andikeni anahitaji njia ngapi. Jumlisheni. Ikiwa fedha inatosha saundikadi ya njia zote, mshukuruni Mungu. Ikiwa haitoshi, nunueni ya njia mbili, pangeni zamu, na ongezeni siku. Asiyekuwepo kwenye karatasi hiyo ndiye atakayekaa nje kwenye benchi, basi isomeni mara mbili kabla ya kwenda dukani.

Mwandishi ni frateri, mwanafunzi wa falsafa.