Saa ya kompyuta itazamwe kabla ya kupiga Windows

Msimu uliopita nilikaa zaidi ya saa mbili kwenye benchi la chama chetu cha msingi cha ushirika, nikingoja kuonyeshwa hesabu ya malipo ya pili ya kahawa. Katibu alikuwa amekata tamaa. Kila alipofungua barua pepe au tovuti ya benki, kompyuta ilimwonya kuwa si salama, ikagoma. Tayari ofisi nzima ilikuwa imekubaliana kwamba ni virusi.

Fundi alipofika hakuuliza hata swali moja. "Mama, hii dawa yake ni kupiga Windows upya tu," alisema, akataja bei na kutoa flashi mfukoni.

Nikamwomba katibu atazame tarehe pale chini, pembeni ya kioo. Ilisomeka Januari 2012.

Ndugu msomaji, ugonjwa wote ulikuwa hapo. Ndani ya kompyuta ya mezani, kwenye madabodi, kuna betri ya duara inayofanana na sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Ndiyo inayoendesha saa umeme unapozimwa. Baada ya miaka kadhaa huchoka, na kila umeme ukikatika saa hurudi nyuma. Mashine nyingine hudai ubonyeze F1 kila asubuhi ndipo iendelee. Sasa, tovuti ya benki hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani tuko 2012 huona cheti hicho bado hakijaanza kutumika, hivyo inakikataa. Betri yenyewe hupatikana hata kwa mafundi saa.

Kupiga Windows kumekuwa kama klorokwini ya enzi zile: kila homa, dozi ni hiyo hiyo. Mashine ikilia milio na kioo kubaki cheusi, mara nyingi ni kadi ya RAM iliyolegea au kushika vumbi. Chomoa waya wa umeme, itoe, isafishe taratibu kwa kifutio cha penseli, irudishe. Ikijizima yenyewe baada ya dakika chache, tazama feni kabla ya kingine chochote, hasa kama ofisi inapakana na mashine ya kusaga. Lakini diski ikianza kugonga kama saa ya ukutani, usiiwashe tena na tena. Zima, utafute mtu wa kuokoa mafaili.

Kinachoniuma si bei ya fundi. Fundi hufuta sehemu ya C, akikutuliza kwamba vya D vitabaki. Ni kweli vitabaki, ila makatibu wetu wengi huweka kila kitu usoni pa kompyuta, na huko ndiko C. Katika mashine ile mlikuwamo kilo za kila mwanachama kwa misimu minne. Zikipotea, mkulima atadai kwa stakabadhi gani, ikiwa yake iliishaloa mvua?

Hatari hii imeongezeka. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 ina masharti ambayo kompyuta nyingi za zamani haziyatimizi. Kwa hiyo kazi ya kufuta na kuweka upya itakuwa nyingi, na nyingine itakuwa ya haki kabisa. Mimi nasema bodi ipitishe azimio: hakuna kufuta mashine ya chama bila nakala mbili, moja nje ya ofisi, na saini ya mwenyekiti.

Siku ile betri ilibadilishwa, tarehe ikasahihishwa, barua pepe ikafunguka. Fundi alilipwa nauli na jasho lake, na hesabu yangu niliipata kabla ya jioni. Nakala haikuwapo popote. Nitaliuliza hilo kwenye mkutano mkuu ujao.