Ukuta Hauvuliwi

Mwaka jana nilikata herufi kwenye karatasi ngumu, nikaibandika ukutani sebuleni kwetu hapa London, nikapaka rangi nyeusi kwa sponji: HASIDI HANA SABABU. Maneno niliyatoa kwenye kanga ya mama kwa sababu yalinipendeza. Shangazi alipokuja na sambusa zake, akayasoma, akaniuliza, "Mwanangu, hasidi ni nani humu?" Sikuwa na jibu.

Wenzangu, kupamba nyumba kwa Kiswahili huku ughaibuni ni jambo zuri. Lakini jina la kanga ni ujumbe, na lina anayeambiwa. Kanga huvuliwa jioni. Ukuta humsema kila anayeingia. Sasa nimepaka MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Tuwaulize wazee maana kwanza, ndipo tupake rangi.