Mshahara wa Mke si Mali ya Mume

Wako walimu na watumishi wa kike wanaopigwa majumbani mwao na kuvumilia, si kwa kupenda, bali kwa sababu kila mwisho wa mwezi mshahara wao huishia mikononi mwa huyo anayewapiga. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa mtu kuishi kwa jasho la mwenziwe. Unyonyaji hauwi halali kwa kufichwa ndani ya nyumba.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iko wazi. Mume hana ruhusa ya kumpiga mkewe. Mke aweza kumiliki mali yake mwenyewe. Na nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya wanandoa.

Lakini haki huhitaji maandalizi. Anayeona maisha yake yamo hatarini, aokoe roho kwanza. Mwenye nafasi afungue akaunti yake mwenyewe, aombe kwa maandishi mshahara wake upelekwe huko, aweke kando nauli na kodi ya chumba. Vyeti, pamoja na stakabadhi za vitu alivyonunua, avihifadhi kwa ndugu anayemwamini.

Wakuu wa shule na wa idara nao wana wajibu. Barua ya namna hiyo ishughulikiwe upesi, tena kwa siri. Asirudi mtu kwenye kipigo kwa kukosa nauli.