Izime matopeni Cheptais, iwashe ukifika lami

Kuna kitufe kidogo kwenye Subaru na Mark X ambacho siku hizi kimekuwa kama cheo mitaani Kitale na Bungoma. Kina picha ya gari lenye alama mbili za kupinda nyuma yake, ama kimeandikwa tu VDC OFF. Kijana anakaa nyuma ya usukani, mabeshte watatu wamejibana kiti cha nyuma, na kitu cha kwanza anachofanya ni kukibonyeza. Taa ya manjano inawaka kwenye dashibodi, mtu anapiga kelele "leo ni leo", gari linaondoka kuelekea Kiminini.

Hatuko hapa kuwaambia muuze magari. Wala hatutasema kitufe hicho kisiguswe kamwe, maana si kweli. Waliolitengeneza gari walikiweka kwa sababu. Tunachosema ni kwamba sababu hiyo haiko kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye.

Wengi wetu tunachanganya mambo mawili hapa. La kwanza ni ule mfumo unaozuia magurudumu yasizunguke bure ukikanyaga mafuta. Kompyuta ikiona gurudumu moja linakimbia kuliko mengine, inapunguza nguvu ya injini ama inalifinya breki gurudumu hilo. Toyota huuita TRC. La pili ndilo lenye roho ya mtu mkononi. Mfumo huu hulinganisha umekata usukani kiasi gani na gari lenyewe linageuka kiasi gani. Mkia ukianza kutoroka, unafunga breki ya gurudumu moja tu, kwa kawaida lile la mbele lililo upande wa nje wa kona, na kuurudisha mkia mahali pake. Hakuna dereva anayeweza kufanya hivyo kwa mguu, hata awe nani. Wewe una pedali moja, na ukiikanyaga inafunga magurudumu yote manne. Toyota huuita VSC. Subaru husema VDC, na ndani yake mna yote mawili.

Katika Toyota nyingi, ukibonyeza mara moja unazima TRC pekee. Ukikishikilia kitufe kwa sekunde kama tatu gari likiwa limesimama, vyote viwili vinalala. Ni hiyo ya sekunde tatu inayofundishwa vijiweni kama ujanja.

Mercedes-Benz ndiyo iliyouza gari lenye mfumo huu kamili mwaka 1995. Miaka miwili baadaye kigari chake kidogo, A-Class, kilipinduka Uswidi mbele ya waandishi wa magari waliokuwa wakikijaribu kukwepa kitu ghafla, na kampuni ikalazimika kuuweka mfumo huo kwenye kila A-Class. Huko Marekani, wakuu wa usalama barabarani walikadiria mwaka 2007 kwamba unapunguza ajali za gari kuanguka lenyewe, bila kugongana na lingine, kwa asilimia 34 kwa magari madogo na 59 kwa yale makubwa ya aina ya SUV. Kufikia modeli za 2012, kila gari jipya la abiria kule lilitakiwa kuwa nao.

Sasa, wakati wa kuzima ni upi? Uko Cheptais ama Kapsokwony, mvua ya Mei imenyesha siku tatu, barabara ni udongo mtupu na mbele yako kuna kilima. Kompyuta inaona magurudumu yanateleza. Lazima yateleze bana, ni matope! Lakini yenyewe haijui hilo, kwa hivyo inakata nguvu, gari linaishiwa na mwendo katikati ya mlima na hapo unakwama. Hapo zima. Magurudumu yanahitaji kuzunguka ili yateme tope na kutafuta pagumu. Hata ukishanasa na unalisukuma gari mbele na nyuma polepole ili lijichomoe, zima. Isipokuwa kama gurudumu moja limening'inia mtaroni na jingine liko pakavu: hapo uache mfumo ufanye kazi, kwa sababu breki inayolifinya lile linalozunguka hewani ndiyo inayopeleka nguvu kwa lile lililoshika. (Kusema kweli, kamba na trekta ya jirani hufanya kazi haraka zaidi.) Ukitoka kwenye tope, washa. Ukisahau, ukizima injini na kuiwasha tena mfumo hurudi wenyewe.

Barabara ya lami ni hadithi nyingine. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu 1,400, kwa hivyo ukitoka huku kwenda kule, kwa jumla unashuka. Alasiri mvua hunyesha. Matone ya kwanza huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika, lami ikawa kama sabuni. Trekta zinatoka mashambani na kuacha mabonge ya udongo barabarani, na ukikaribia Bukembe wakati wa mavuno ni mabua ya miwa. Hapo hapo kuna boda boda ya watu watatu isiyo na taa ya nyuma. Mark X nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukikanyaga mafuta ghafla katikati ya kona, unayoyasumbua ni magurudumu yale yale yanayoshikilia mkia. Mfumo ukiwa umezimwa, anayelipia si wewe peke yako. Ni yule mama wa nyanya aliyekaa kando ya barabara Kamukuywa.

Jibu tunalolijua: "Lakini madereva wa rali hawatumii hiyo kitu." Ni kweli. Sheria za WRC haziwaruhusu, na hata Formula One iliupiga marufuku mfumo wa kuzuia magurudumu kuzunguka bure mwaka 2008. Lakini Safari Rally iliporudi WRC mwaka 2021 kule Naivasha, barabara za mashindano zilifungwa. Dereva ana kofia, mikanda inayombana mabegani, vyuma vinavyozuia paa lisibonyee, na mtu kando yake anayemsomea kila kona kabla haijafika. Wewe kando yako kuna beshte anayerekodi video.

Linalotusumbua zaidi, lakini, ni wale ambao mfumo wao umezimika na hawajui. Gari linafika Kitale likiwa limepitia wenyewe watatu. Subaru ina tabia moja: injini ikipata hitilafu na taa yake ikawaka, mara nyingi VDC nayo hujizima. Sensa ya kasi kwenye gurudumu moja ikiharibika, ABS na VDC zinalala pamoja. Fundi anakwambia "hiyo ni sensa tu, endesha", na kuna wanaoinyamazisha taa kabisa ili gari liuzike. Ukienda kununua, geuza ufunguo ukiangalia dashibodi. Taa hizo zinafaa kuwaka zote kwa sekunde chache kisha zizime. Isiyowaka hata kidogo, uliza kwa nini. Impreza nyingi za zamani hazina mfumo huu tangu kiwandani, kwa hivyo ulizia hilo pia. Na tairi likiwa kipara, usitegemee kompyuta. Haiwezi kuongeza mshiko ambao haupo.

Kwa serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma tuna ombi. Vijana hawa watacheza na magari, mtake msitake. Kuna uwanja wa maonyesho ya kilimo Kitale ambao haujai watu kila wikendi. Wekeni siku moja kwa mwezi, mwaiteni Shirikisho la Mbio za Magari la Kenya, mmwage maji, mpange koni, ambulensi isimame kando. Hapo kijana azime kitufe, gari limzungushe mara tatu, ajue mwenyewe mkia hutoroka kwa kasi gani. Hilo halihitaji bilioni.

Na wewe uliye kiti cha nyuma: ukiona ile taa ya manjano inawaka na lami ina maji, mwambie dereva airudishe. Akikataa, shuka Kamukuywa. Matatu za kwenda Webuye zinapita hapo.