Mtambo wa Simu Usiwe Siri ya Fundi

Ofisi iliyo mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ikimwita fundi kutoka Dar es Salaam, mwendo wa karibu kilomita 200, ili tu simu za mkuu aliye likizoni zihamishiwe kwa msaidizi wake, yafaa ijiulize. Kazi hiyo karani angeweza kuimaliza kwa kubonyeza tarakimu chache.

Kuupanga mtambo wa simu ni kuuwekea masharti: namba 21 isipojibiwa, simu ihamie 22, usiku zote zimwendee mlinzi, apigaye nje aanze na 9. Mwanafunzi wa hisabati ataitambua mantiki hiyo mara moja. Naye wa fizikia ajue kwamba kitufe cha 5 hutoa sauti mbili kwa pamoja, za mitetemo 770 na 1,336 kwa sekunde, na kwa sauti hizo mtambo huitambua tarakimu.

La hatari zaidi ni namba ya siri. Aghalabu ile ya kiwandani huchapwa katika kitabu cha maelezo. Isipobadilishwa, mtu wa mbali aweza kuuingilia mtambo na kupiga simu za ng'ambo kwa gharama ya ofisi. Basi karani afundishwe kuibadilisha siku ile ile mtambo ufungwapo, na kitabu abaki nacho yeye, si fundi.