Zimwi Lisubiri, Nina Kazi

Hapa Ekerenyo, mtu mzima akionekana na gemu kwenye simu anaulizwa swali moja tu: "Kwani huna kazi?" Ninazo mbili. Asubuhi nachuma majani chai, mchana mpaka usiku niko dukani nauza mbolea na dawa za ng'ombe. Na bado nacheza Final Fantasy ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1987, katika toleo la simu la 2021. Kwa hivyo wacha tubishane.

Wanaouliza hivyo wanatia gemu zote kapu moja. Wanahesabu saa ninazocheza, lakini hawaulizi ni nani anayezishika hizo saa. Mechi ya mpira mtandaoni haikupi nafasi ya kupokea simu ya mama. Ukigeuka tu, umefungwa. Gemu nyingi za bure zinakuita kila siku uchukue zawadi, usipoenda unajiona umepoteza. Na kale kandege ka kubeti kanapaa na pesa yako, kakikuhesabia sekunde. Huko ni kuajiriwa, tena bila mshahara.

Gemu ya zamu haina haraka. Nina mashujaa wanne, niliowachagua kutoka aina sita za wapiganaji na wachawi. Nampa kila mmoja amri: wewe piga, wewe ponya wenzako. Kabla sijaamua, zimwi haligusi mtu. Mteja akiingia, linasubiri. Foleni ya kupima majani ikisonga, linasubiri. Lori la majani likichelewa, basi hapo napigana vita viwili vitatu, nahifadhi, naweka simu mfukoni.

Mchezo wa namna hii tunaujua. Pale steji, watu wa bodaboda wanacheza drafti ya vizibo. Abiria akitokea, mmoja anaenda, kete zinabaki zilivyo. Mzee akiinamia ubao dakika kumi kabla ya kusogeza kizibo, tunasema ana akili. Mimi nikifikiria dakika mbili, eti ni mvivu?

Utaniambia gemu hizi ni ndefu, zinakula masaa mengi. Ni kweli, na ile ndefu kabisa inaweza kunichukua mwaka. Sawa, ichukue. Haina riba. Riwaya nene nayo husomwa kurasa chache kila usiku, na hakuna anayemfokea msomaji.

Kinachonikera zaidi ni hiki: tajiri akicheza gofu mchana wa Jumatano anapumzika, mchuma chai akishika simu kwenye foleni anapoteza muda. Muda wetu huja vipande vipande, kati ya kazi na kazi, na kila mtu anaona ana haki ya kutupangia hivyo vipande. Mimi vyangu nimeshavipanga. Ukinikuta nacheza, niulize bei ya mbolea, nitakuhudumia. Zimwi halina neno.